Kamera Iliyopitia Bujumbura

Jumatatu saa nne asubuhi Gikundiro alikuwa amesimama katika duka la Nshimirimana, hapa Kimanga, mtaa wa Uvira, ameshika kamera asiyokuwa na uwezo wa kuinunua. Yake ya zamani ilikunywa maji siku mto ulipofurika ukaingia studio yake ya foto, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Nshimirimana hakuwa muuzaji wa kukuacha uondoke hivihivi. Alikupeleka kizingitini, akakuambia piga foto ya pikipiki zile, ya mama yule anayeuza samaki wa ndagala, kisha mkaangalia pamoja kama vimetoka sawa. Kamera yake ilikuwa ya mtumba, imepita mikono mitatu, na wenye mikono hiyo aliwajua wote kwa majina. Lakini kwenye simu, katika duka la mtandaoni, kamera ya aina ileile, mpya kabisa, ilikuwa nusu ya bei. Gikundiro akairudisha juu ya kioo taratibu. Mzee hakumbembeleza, alimwambia tu kwamba kitu usichokigusa hujui kitokako wala kikupelekako. Gikundiro akacheka, akasema wenye maduka wote ndivyo wanavyosema siku hizi.

Haraka yake ilikuwa na sababu. Kifua cha baba yake, Rwabuhihi, kilikuwa kimechoka, na daktari alikwisha kusema hesabu ni ya miezi, si ya miaka. Mzee alizaliwa Bijombo, huko juu milimani, akachunga ng'ombe miaka sitini, hadi ng'ombe walipoporwa akateremka Uvira na fimbo yake na Biblia yake, mji ambako wachungaji wa milimani, kwa majina yao tu, huambiwa ni wageni, warudi kwao ng'ambo ya ziwa. Mkewe, Uwamahirwe, alizikwa hukohuko juu. Mzee alikuwa na ombi moja tu hapa duniani: alazwe kando ya mkewe.

Sasa, barabara ya kupanda ilikuwa na vizuizi. Kwenye vizuizi waliomba karatasi ya asili, karatasi ilitoka katika ofisi moja mjini, na ofisi ilitaka foto iliyopigwa mwezi huohuo. Wapiga foto Kimanga wamejaa, ila Rwabuhihi alikataa. Alisema hakumsomesha binti yake ufundi ule ili foto yake ya mwisho ikapigwe na mgeni. Wazee wa milimani ndivyo walivyo. Ng'ombe wao wakigoma kuvuka mto, mnalala hapo.

Basi Gikundiro akaiagiza ile mpya, akafanya komande kwenye simu. Forma ikauliza mji. Akashusha orodha mara mbili: Kinshasa ipo, Lubumbashi ipo, Uvira haipo. Hilo halikumsumbua. Kila mtu wa Uvira anayenunua kwenye simu anaandika Bujumbura, maana huko ng'ambo ndiko kunakojulikana, halafu ndugu au rafiki anapokea na kuvusha. Akaandika Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, kwa rafiki yake Claudette. Forma ikauliza kama hiyo ndiyo adresi yake ya kudumu. Akabonyeza ndiyo, kwa sababu bila ndiyo forma haikusogea.

Siku ya kumi na saba Claudette alipita mpaka wa Kavimvira na koli, kifurushi chenye kamera, katikati ya vitenge. Kamera ilikuwa nzuri, nyepesi, inanukia upya.

Mteja wa kwanza alikuwa Apollinarie, muuza mawese. Gikundiro alimkalisha mbele ya shuka jeupe kama kawaida. Foto ikatoka Apollinarie amekaa juu ya mchanga, nyuma yake ziwa, na nyuma ya ziwa milima ya Uvira, midogo, ya buluu, kama inavyoonekana ukiwa Bujumbura. Wakafunga mlango, wakajaribu tena. Ziwa lilikuwepo, safari hii na kiboko upande wa kushoto. Apollinarie akasema ya kiboko ndiyo anayoitaka, akaomba nakala mbili.

Gikundiro akawaandikia wauzaji. Jibu lilikuja kabla hajaweka simu chini: kamera hufuata adresi ya kudumu ya mnunuzi, na wanamshukuru kwa kuwaamini.

Juma halikuisha Kimanga ikawa imezoea. Maharusi walikuja kwa wingi, maana pale walipata ufukwe wa Bujumbura bila kupanga foleni mpakani. Jean-Marie, mwalimu wa shule ya msingi na jirani wa ukuta kwa ukuta, alipeleka foto yake katika ofisi ileile ya karatasi za asili. Karani akautazama ule mchanga, akatabasamu, akamwambia, "Weye tunakujua," akagonga muhuri.

Kwa hiyo siku Gikundiro alipomkalisha baba yake mbele ya shuka, hakuwa na wasiwasi. Mzee alivaa koti lake la ibada, akaishika fimbo. Foto ikatoka: Rwabuhihi juu ya mchanga wa ng'ambo, na milima aliyozaliwa ikiwa mbali nyuma ya bega lake, ungeweza kuifunika kwa kidole. Akaishika muda mrefu.

"Myaka yote bananiambia nirudi ng'ambo," alisema. "Sasa naona nimefika."

Gikundiro akamwambia asijali, karani ameona nyingi za namna hiyo na anazigonga. Wakapanda pikipiki wote wawili, mzee katikati.

Karani alikuwa mtu wa adabu. Alimpa mzee kiti, akamtafutia maji. Akaitazama foto, akalisoma jina, akaitazama foto tena. Muhuri ulikuwa mkononi, akauweka chini.

"Muzee, foto yenyewe iko inasema. Weye uko mutu wa ng'ambo."

Gikundiro akasema foto ya Jean-Marie ina mchanga uleule, maji yaleyale, na imegongwa Jumanne. Karani hakukataa. Alikuwa nayo pale juu ya rundo, hata akaiangalia.

"Ule tunamujua," alijibu.

Akabana foto ya Rwabuhihi kwenye dosie, jalada lenye karatasi zake, na penye mstari wa asili akaandika Bujumbura, kwa mwandiko mzuri.

Gikundiro alitoka hapo moja kwa moja hadi kwa Nshimirimana.  Mzee wa duka aliitoa kamera ya mtumba kwenye kioo, akampa, akamwambia arudishe akimaliza. Gikundiro akampiga baba yake foto mlangoni kwao. Ilitoka plasta iliyopasuka, akatoka jogoo wa Jean-Marie amepanda ukuta, na ukatoka mlima umesimama karibu mno nyuma ya bati, hakuna hata nafasi ya mbingu. Mzee alipoiona alisema, "Hapa ndipo," akalala mchana ule bila kukohoa.

Kesho yake karani aliipokea foto ya pili kwa mikono miwili, akaiweka kando. Alieleza bila ukali kwamba ya kwanza ilipigwa kabla mtu hajajua inatakiwa kuonyesha nini, kwa hiyo ndiyo ya kweli. Hii ya pili ni ya kujitetea. Isitoshe, dosie moja haibebi foto mbili. Gikundiro alilia palepale mbele ya foleni, wala hakujificha. Ilikuwa hasira zaidi ya huzuni. Watu wa foleni wakamwachia nafasi, na aliyefuata akaitwa.

Rwabuhihi alikata roho Alhamisi adhuhuri, akiwa amekaa, uso ameuelekeza mlimani.

Majirani walifika wote. Apollinarie alileta mawese, Jean-Marie alileta gunia la makaa na viti vya shule, na wanawake wakapika bila kuambiwa. Karatasi ya ruhusa ya kuzika ilitolewa kwa kufuata dosie, na dosie ilisema Bujumbura. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Waliuliza mzee atavushwa saa ngapi, ili wawahi kumuaga. Jean-Marie alimshika Gikundiro mikono yote miwili, macho yake mekundu kwelikweli. Alimpenda mzee yule, na jioni nyingi walikuwa wakisoma Zaburi pamoja.

"Baba hajavuka ziwa hili hata siku moja," Gikundiro alimwambia.

"Minye ninajua, dada," Jean-Marie alisema. "Minye ninajua. Lakini iko mu dosie."

Wakamvusha Jumamosi. Claudette alikuwa amepata mahali katika makaburi yaliyo karibu na ufukwe, penye udongo laini usiowasumbua wachimbaji. Mchungaji wa huko, ambaye hakumjua marehemu, alisoma jina bila kukosea. Baada ya amina ya mwisho Claudette akaomba ipigwe foto moja, ya kuwatumia wana wa mzee walio mbali. Gikundiro alikuwa amekuja na ile kamera aliyoinunua kwenye simu, kwa kuwa ya dukani alikwisha kuirudisha.

Akawapanga watu pande mbili za kaburi, akapiga. Kisha akaangalia kilichotoka. Mchanga ulikuwepo, ziwa lilikuwepo, na ng'ambo ya ziwa ilikuwepo milima ya kwao, midogo, ya buluu. Safari hii kamera haikuwa imehamisha kitu.

Claudette alichungulia kando ya bega lake, akasema imetoka vizuri. Gikundiro akasema ndiyo, imetoka vizuri.