Cheti cha Lemburis

Gogo la daraja lilimponda Lemburis wa Moshono mguu wa kulia akiwa kwenye kazi ya lazima ya Wajerumani. Mganga wa boma la serikali akaukata chini ya goti ili kumwokoa. Alirudi nyumbani hai, akajifungia ndani. Miezi minane ikapita bila yeye kuvuka ua wa migomba yake.

Jina lake, hata hivyo, lilibaki kwenye orodha ya mnyapara. Kila zamu ya barabara ilipofika, mnyapara alisimama mlangoni na kusema kwamba nyumba hiyo lazima itoe mtu. Basi mkewe, Namnyaki, alikwenda badala yake, akawa anapasua kokoto huku mtoto akiwa mgongoni.

Huko barabarani ndiko Batuli alikomkuta. Batuli alikuwa mwanamke wa Pangani, mjane wa askari, aliyebaki Arusha akiuza vitumbua karibu na boma la serikali. Miaka kumi ya vitumbua ilikuwa imemfundisha Kimaasai, na kumjulisha nani hukaa chumba gani bomani.

"Mume wako yuko wapi hata ufanye wewe kazi hii?" alimuuliza.

Namnyaki akamweleza yote.

"Mtu asiye na mguu hapelekwi barabarani," Batuli alisema. "Huandikiwa cheti. Mnyapara wenu anajua, ila hakuna aliyemuuliza."

"Mimi sijui kusema na watu wa bomani."

"Mimi najua. Jumatano Bwana Shauri, yule Mzungu anayeamua mashauri, anasikiliza watu. Njoo."

Jumatano hiyo walipokelewa na karani Hatibu, kijana wa Tanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea shauri la haki."

Hatibu alisikiliza hadi mwisho. "Cheti kipo," alisema. "Lakini Bwana Shauri hamwandikii mtu ambaye hajamwona. Mleteni mwenyewe."

Namnyaki alirudi bila matumaini. Alimjua mumewe.

Kesho yake Batuli akapanda hadi Moshono. Lemburis alimsikiliza akiwa amegeukia ukutani.

"Sitapita sokoni nikibebwa kama mzigo," alisema. "Watu wananijua tangu nilipokuwa morani."

"Usibebwe. Panda punda."

"Punda ni wa wanawake."

Batuli alitaka kujibu, lakini Namnyaki alimtangulia.

"Zamu ijayo siendi," alimwambia mumewe kwa sauti ya kawaida. "Sijalalamika hata siku moja, lakini nimechoka. Mnyapara akija, utamjibu wewe."

Lemburis akageuka, akamtazama. Viganja vya mkewe vilikuwa vimepasuka kama udongo wa kiangazi. Kisha akasema, "Mtayarishe punda."

Jumatano iliyofuata, sokoni, watu waligeuka kumtazama. Lemburis aliinua kidevu. Ndipo Kisioki, mwanamume wa rika lake, alipowaacha mbuzi wake, akaishika kamba ya punda na kuanza kutembea naye. Mwingine akafuata. Walipofika bomani walikuwa wanaume saba.

Bwana Shauri alitazama mguu, akauliza maswali mawili kupitia kwa Hatibu, akachukua kalamu.

"Mwambie aandike na mke," Batuli alisema. "Asipoandika, watamchukua yeye."

Hatibu akatafsiri. Mzungu alimwangalia yule mama wa vitumbua, akakubali kwa kichwa. Muhuri ulipogongwa, Hatibu alisoma kwa sauti: Lemburis wa Moshono asichukuliwe kazini, wala mkewe.

Nje, Namnyaki alianza kushukuru. Batuli akamkatiza. "Bado. Cheti kitamzuia mnyapara, hakitamtembeza mumeo. Misheni ya huko juu mlimani ina seremala, anaitwa Sadoki. Twende kwake."

Sadoki alipima kwa uzi, akauliza kama Lemburis alikuwa mwepesi au mzito wa hatua. Baada ya wiki mbili, mguu wa mbao ya mti wa mringaringa ulikuwa tayari, na mikanda yake ya ngozi. Siku ya kwanza Lemburis alianguka mara mbili. Mara ya tatu alifika kwenye mfereji wa maji, akasimama hapo akicheka peke yake.

Zamu ilipofika, mnyapara alimkuta nje ya nyumba, amesimama, cheti mkononi. Hakujua kusoma, lakini muhuri aliujua. Akapita.

Mvua za masika zilipokatika, mwanamke mmoja kutoka Kikwe alifika kwa Batuli. Mdogo wake alikuwa kipofu, na bado alikuwa akiitwa kazini.

"Nenda Moshono, kwa Lemburis," Batuli alimwambia. "Njia ya bomani anaijua."

Lemburis alimkaribisha, akamkalisha, Namnyaki akamletea maziwa.

"Anaona kidogo au haoni kabisa?" Lemburis aliuliza.

"Haoni kabisa."

"Basi Jumatano mje mapema, na yeye mwenyewe aje. Mimi nitakuwa mbele yenu."