Hatua ya Tatu

Mistari tisa. Ndiyo iliyokuwa kwenye kioo cha kompyuta saa nne asubuhi, siku ya mnada, ndani ya kontena tuliloliita ofisi pale Nyakahura. Mstari wa kwanza: ng'ombe waingia darajani. Wa tisa: lori laingia darajani, ng'ombe mmoja na mtu mmoja bado wamo. Niliisoma mara mbili. Muda mfupi uliopita baba yangu, mzee Niyonzima, alikuwa amenipigia simu kuniambia kwamba anatoka nyumbani na ng'ombe wake kumi na mmoja, anakuja mnadani. Njia ni hiyo moja tu, na daraja ni hilo hilo.

Lilikuwa daraja la muda, la chuma, linalopitisha gari moja kwa wakati. Kampuni ndogo iliyoniajiri ilipewa kazi ya kuweka taa kila upande, na programu ya kuziongoza niliiandika mimi. Bosi wangu, mhandisi Philbert, alinifundisha kuijenga hatua kwa hatua. Kwanza, taa mbili tu kwenye karatasi, bila hata gari moja. Juu yake unaandika ahadi mbili: kamwe wanaotoka pande mbili wasikutane darajani, na kila anayesubiri, hatimaye apite. Kisha unaiachia kompyuta ipite njia zote ambazo mambo yanaweza kwenda, maelfu kwa maelfu, itafute hata moja inayovunja ahadi. Isipoipata, unaongeza kitu kimoja, unahakiki upya.

"Usiongeze viwili kwa pamoja," aliniambia. "Na usije ukasema hiki ni kidogo."

Hatua ya pili niliweka jicho kila upande, kifaa chenye mwanga mwembamba usioonekana. Kitu kikiukata mwanga upande wa kuingilia, hesabu inaongezeka. Kikiukata upande wa kutokea, inapungua. Ikifika sifuri, daraja ni tupu, wanaosubiri ng'ambo wanapewa kijani. Nilihakiki, ikapita. Hatua ya tatu ilikuwa kitufe cha wafugaji, wabonyeze wanapotaka kupitisha mifugo. Philbert alikuwa Ngara mjini akihangaika na vibali, na wakubwa walitaka taa ziwake kabla ya mnada. Nikasema hiki ni kidogo. Ng'ombe si anaingia huku anatokea kule, kama gari? Jumatatu nikaziwasha, na vijana wa bendera, waliokuwa wakipitisha magari kwa zamu, wakaondolewa siku hiyo hiyo. Uhakiki niliuanzisha baadaye, kama mtu anayerudi kutazama mlango ambao ana hakika ameufunga, na jibu lake ndilo hiyo mistari tisa: njia moja inayovunja ahadi.

Mstari wa sita ndio ulionimaliza. Ng'ombe aliyekwisha kutoka anarudi darajani. Sikuwa nimeikataza kompyuta jambo hilo, kwa hiyo ilijaribu. Gari halirudi, lakini ng'ombe hurudi ndama wake akibaki nyuma, na mimi niliyekulia nyuma ya mikia ya ng'ombe nilijua hivyo kabla sijaanza shule. Jicho halikujua anaelekea wapi. Lilipunguza alipotoka, likapunguza aliporudi, likapunguza alipotoka tena. Ng'ombe mmoja alihesabiwa watatu, na sifuri ikafika kabla ya wa mwisho kutoka. Na nyuma kabisa ya kundi hutembea mwenye ng'ombe.

Nikampigia baba. Hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Miaka minne imepita na bado nikiisikia sauti ya yule mwanamke wa kwenye simu huikata simu kabla hajamaliza.

Nilitoka mbio, nikapanda bodaboda ya kwanza. Sijawahi kuogopa vile, kabla wala baadaye. Njia nzima niliipitia ile mistari tisa kichwani, nikijaribu kukisia baba amefika wa ngapi.

Taa ya upande wetu tuliiweka juu ya mteremko, kabla ya kona, ili malori yasizibe daraja. Aliyesimama pale haoni kilichoko chini. Tulipofika ilikuwa kijani, na lori la mahindi lilikuwa limeshaanza kuteremka. Nikamwambia wa bodaboda alipite. Alilipita. Nikaruka, nikasimama katikati ya barabara na kunyoosha mikono yote miwili. Lori likafunga breki, likaja, likazidi kuja, likasimama. Nilihisi joto lake usoni.

Dereva akatoa kichwa dirishani. "Dada, taa si imeniruhusu?"

"Imekudanganya," nikamwambia.

Nikateremka kona. Ng'ombe tisa walikuwa wametapakaa kando ya njia wakila majani, na mzee Ndikuriyo, jirani yetu, akiwazuia wasiende mbali. Katikati ya daraja baba alikuwa ameinama, anamsukuma ndama aliyekaza miguu. Mama wa ndama alikuwa amewarudia tena, anamlamba mwanawe masikio.

"Shikamoo, baba." Mdomo ulijisemea wenyewe.

"Marahaba, Clarisse. Mbona unahema hivyo?"

Tulimsukuma ndama pamoja mpaka akatoka, mama yake akafuata. Dereva wa lori alikuwa ameshuka kuja kutazama. Baba akamsalimia, akanionyesha kwa kidevu.

"Taa zote hizi kazitengeneza binti yangu huyu."

Dereva akanitazama. Alikuwa na haki ya kusema chochote, lakini aliniachia mimi, na namshukuru hadi leo. Ilibidi niseme mwenyewe.

"Baba, nimekosea. Taa ilimruhusu huyu nawe ukiwa katikati."

Baba aliangalia kona, akaliangalia daraja, kisha akaketi taratibu kwenye jiwe.

"Siku zote, hata enzi za vijana wa bendera, Ndikuriyo hutangulia," alisema. "Anasimama pale juu na kitambaa, anazuia magari mpaka nivuke. Leo alitaka kwenda, nikamkatalia. Nikamwambia ya nini kujichosha, taa ni za Clarisse."

Ndikuriyo alitoa kitambaa mfukoni, akapanda kwenda kusimama kwenye kona, nami nikaenda kuzima taa.