Chumba cha Mama Odessa

Jumamosi alasiri Bi Verna Tolliver alikuwa akipunguza tena mapazia ya sebuleni. Asubuhi hiyo familia ya pale kona ilikuwa imehama, na kila Wazungu walipohama, nyumba zote za Mtaa wa Larkspur, nje kidogo ya Chicago, zilisinyaa kwa upana wa kiganja. Waliohamia walikuwa Weusi kama yeye: mfamasia, rubani, mke na mume walimu wakuu. Kipato chao kilizidi cha waliotoka, na nyasi walizikata vizuri zaidi. Nyumba hazikujali. Watu wakakata miguu ya meza, wakakaa wakibanana, wakacheka zaidi. Nyumba njema si mlango.

Verna alikuwa ameridhika, ila kwa jambo moja. Mama yake, Odessa, alikuwa anakuja kutoka Mississippi kuishi naye, na chumba cha nyuma kilikuwa chake. Verna aliomba mkopo wa kumjengea bafu karibu, na benki ikamtuma mthamini akadirie bei ya nyumba. Alikuwa kijana mpole, akavua viatu mlangoni. Alitazama picha za ukutani: harusi ya Verna, watoto na majoho yao ya chuo, babu na sare yake ya jeshi. Akaandika. Alipofika nyuma, chumba hakikuwepo. Kitanda cha Mama Odessa kilikuwa kimesimama uani kwenye nyasi, kimetandikwa.

"Uliziacha picha ukutani?" aliuliza Walt Kowalczyk kutoka upande wa pili wa ua. Walt alikuwa mgane, na Mzungu pekee aliyebaki mtaani.

"Nilisahau, jirani."

"Ah, Verna. Hata mimi najua watu Weusi huzitoa kabla mthamini hajafika."

Verna aliomba mthamini wa pili, na alipokuja, picha zilikuwa chini ya kitanda na Verna alikuwa ameenda kununua kambare wa kukaanga. Walt alikaa kwenye kiti cha Verna, amevaa soksi tu, na picha ya harusi yake na marehemu mkewe Dolores ikining'inia kwenye msumari wa picha ya babu. Nyumba ikajinyoosha hadi sahani zikateleza kabatini. Verna aliporudi, mapazia yalikuwa yakiishia magotini na chumba kilikuwa mahali pake, kitanda ndani.

"Ulimwambia nyumba ni yako?"

"Sikumwambia kitu. Hakuniuliza." Walt akachukua kipande cha kambare. "Akasema nina ladha nzuri ya mapazia."

Verna alicheka, kisha moyo ukamuuma, akaendelea kula. Jioni alirudisha picha zake zote. Alipojaribu kuishusha ya Walt na Dolores, ukuta wa nyuma ulianza kusogea. Akaiacha.

Mama Odessa alifika bafu likiwa tayari. Alipita taratibu ukumbini, akiwagusa watu wake pichani mmoja mmoja, akasimama mbele ya Walt na Dolores.

"Na hawa ni nani?"

"Jirani zetu, Mama. Ndio wanaoshikilia chumba chako."

Bibi kizee akaisogelea picha.

"Sisi kule Mississippi tulitundika picha ya bosi Mzungu wa baba yako," alisema. "Hawa angalau wanatabasamu."

Akainyoosha fremu iliyokuwa imepinda, akaenda kujipumzisha chumbani kwake.