Mkeka wa Goti la Sieni

Kabla ya kupasuliwa, kwa jambo moja Sieni aliwashinda wenzake wote: kukaa. Alizaliwa na mguu mmoja mfupi, na goti lisilo na kano za kulishika. Akitembea lilimteguka, akaanguka. Lakini mkekani aliukunja mguu huo kama kitambaa, akatulia ibada nzima bila kujigeuza. Bibi yake, Lagi, alijivunia hilo mbele za watu.

Sasa madaktari wa Apia walikuwa wamechukua kano ya paja lake wakamtengenezea ya goti, ili siku watakapourefusha mfupa wa mguu ule mfupi, goti lisichomoke. Walimkanya Fuatino, shangazi anayemuuguza: mtoto asikunje mguu mpaka kano ishike, la sivyo itakatika.

"Zamani alikuwa anaanguka, ila akikaa anakaa kama mtu," Bibi Lagi alinung'unika. "Leo anatembea, lakini akikaa anatuonyesha nyayo, kama mtu asiye na adabu."

Sieni alisikia.

Jioni mzee Tuiasau, mkuu wa ukoo, alikuja na wenzake, wakaketi wakiegemea nguzo. Sieni akaingia na magongo yake, akakaa, akakunja miguu yote miwili. Wazee wakaanza salamu zao ndefu, ambazo msichana hathubutu kuzikatiza. Fuatino, kule nyuma, aliona jasho juu ya mdomo wa mtoto, na paja likitetemeka. Aliona pia mkono wa bibi ukimpapasa mgongoni, umeridhika.

Akaomba radhi, akainama sana, akapita katikati ya wazee. Akaushika mguu chini ya goti, akaunyoosha taratibu, unyayo ukamwelekea mzee Tuiasau. Maneno yakakatika. Fuatino akavuta mkeka mdogo, akaufunika mguu, kama wanavyofunikwa wagonjwa wasioweza kukunja miguu, nyayo zisionekane.

"Ana kano mpya, mzee. Bado haijashika."

Mzee aliutazama ule mkeka. Kila mtu alijua jongo la miguu linavyomtesa, na hakuna aliyewahi kumwona akinyoosha mguu mbele za watu.

"Mtoto kapata mkeka," alisema. "Mimi je, Lagi, mpaka nipasuliwe?"

Watu wakacheka. Bibi Lagi akaenda mwenyewe kuleta mwingine. Alipokwisha kumfunika mzee, alipiga magoti akauvuta mkeka wa mjukuu wake, maana vidole vilikuwa nje.

Wageni walipoondoka, Fuatino alilibonyeza goti. Lilikuwa limevimba, ila halikucheza; kano haikuwa imekatika.

"Bibi amekasirika?" Sieni aliuliza.

"Kamuulize."

Bibi alikuwa akikusanya mikeka. Ule mdogo aliuacha palepale, kwenye nafasi ya Sieni.