Gunia Zito

Mama Viraka alipoliinua gunia, aliona si lile la siku zote. Mabaki ya vitambaa alikuwa akipewa bure pale kiwandani, kwa ruhusa ya meneja, akiyashonea mablanketi ya watoto wachanga. Hayakuwahi kumwelemea.

"Usilifungue, shemeji," alisema mkata vitambaa, mume wa mdogo wake. "Nimekuchagulia vizuri. Wewe nenda tu."

Getini kulikuwa na foleni. Akapenyeza vidole kwenye upenyo wa gunia, vikapita vipande, vikagota kwenye kitu kigumu kilichoviringwa. Jora zima la satini! Akageuka: shemeji yake alikuwa dirishani, akimpungia mkono aende.

Akikamatwa, nani atamwamini? Akipiga kelele, mdogo wake na watoto watakula wapi?

"Mama, sogea!" mlinzi aliita.

"Narudi ndani mara moja, baba. Nimesahau mkasi."

"Basi liache gunia hapa."

"Niliache vipi, na mkasi wenyewe ni wa kulifungulia? Huoni fundo hili? Hata meno yako yatabaki humo!"

Watu wakacheka. Mlinzi naye akacheka, akampisha.

Ndani, kwa shemeji yake, alifunga mlango akamwaga kila kitu mezani.

"Wananipitisha kwa kuwa wananiamini. Ukaona imani hiyo ndiyo mlango wako?"

"Punguza sauti, shemeji! Nusu ingekuwa yako. Utashona viraka mpaka lini?"

"Mpaka nizikwe. Lirudishe rafuni, nikiona kwa macho yangu."

Shemeji alilirudisha. Mama Viraka akakusanya vipande vyake, gunia akaliacha wazi.

Safari hii kando ya mlinzi alisimama mkuu wake. "Pekua mpaka chini," aliamuru. Mkono wa mlinzi ukazama hadi begani, ukakoroga, ukatoka na utepe wa kitambaa chekundu.

"Pita, mama."

Alipokata kona, aliketi juu ya gunia lake kando ya barabara.

Hakurudi tena kiwandani. Alianza kupita kwa majirani akiomba mashuka yaliyochakaa na mapazia yaliyopauka. Siku moja mdogo wake alimkuta akifumua pindo la pazia.

"Dada, vya bure umeviacha? Mume wangu anasema siku hizi unajisikia."

Mama Viraka alilamba ncha ya uzi, akaupitisha tunduni.

"Mwambie nimezeeka," alisema. "Magunia yamenishinda kubeba."