Mucatha Uliofungwa Kama Miraa

Harufu ilimpokea Wanjugu kabla ya mbwa. Ndiyo kwanza alikuwa ameshuka kwenye bodaboda, begi mkononi, akasimama langoni akijiuliza ni panya gani aliyefia darini. Lakini panya mmoja hanuki hivyo. Hii ilikuwa harufu nzito, yenye utamutamu wa kuchefua, kama soksi mbichi na ndizi mbovu zimechemshwa kwenye sufuria moja.

Alikuwa ametoka Runyenjes, Embu, kwao alikozaliwa, kumsindikiza mama yake kupasuliwa jicho. Siku nne. Katika miaka kumi na sita ya kuolewa huku Laare hakuwahi kuondoka nyumbani siku nne mfululizo, na hizi zilimwangukia wakati mbaya kuliko wote: wiki ya kuchuma mucatha wake kwa mara ya kwanza.

Mucatha ni kichaka cha majani machungu. Kwao Wanjugu, mtu tumbo likimsokota huchemshiwa majani hayo, akanywa huku amefumba macho, akalala. Huota wenyewe kando ya njia, na ndiyo sababu kijiji kizima kilicheka Wanjugu alipoanza kuupanda. Mama mkwe wake, Gatakaa, aliwaambia wanawake wa kanisani kwamba mkaza mwanawe alikaa chuo cha kilimo miaka mitatu akapata diploma ili aje apande magugu na kuyawekea mbolea. Wanjugu alimjibu palepale. Alisema magugu ya kando ya njia yanakojolewa na mbwa na walevi, na yaliyo karibu na mashamba ya miraa yanapata dawa ya wadudu kila miraa inaponyunyiziwa, kwa hiyo anayemchemshia mtoto majani hayo anamchemshia mkojo na sumu.  Mwanamke mmoja alitema mate.

Hivyo ndivyo alivyokuwa Wanjugu. Hakuwa na maneno ya kupamba.

Mbegu alizotoa kwao zilikataa kuota, akajaribu vipande vya matawi, urefu wa penseli, vikashika. Aliviweka kwenye kivuli cha nyasi miezi miwili, akavihamisha shambani mvua ilipoanza, akavilisha samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Vilipofika kiunoni alikata ncha zote ili kila mti utoe matawi mengi badala ya kukimbilia juu. Alipalilia kwa mkono kwa sababu jembe hukata mizizi ya juujuu. Miaka miwili na nusu. Kirimi, mwanawe wa kwanza, alikuwa akisema mama yake anaijua miti hiyo kwa majina.

Shamba lenyewe lilikuwa nusu ekari ambapo miraa ya zamani ilikuwa imekauka. Mumewe, Mutwiri, alimpa mbele ya mama yake na mdogo wake, kwa neno moja ambalo kila mtu pale nyumbani alilikumbuka. Mavuno ya kwanza ya mucatha yakiuzwa, shamba ni la Wanjugu. Yasipouzwa, miraa inarudi. Mutwiri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu Mmeru aliyerithi miraa, na kwake ardhi isiyo na miraa ilikuwa kama meza isiyo na chakula.

Mnunuzi alikuwa amepatikana, Muthamia wa Maua, mwuzaji wa dawa za mitishamba, aliyesema anataka majani makavu, safi, gunia zima. Kwa hiyo Wanjugu alipoitwa Runyenjes ghafla, alimfundisha Kobia, mdogo wa mumewe, kazi yote. Achume umande ukishakauka. Achukue majani yaliyokomaa, aache ncha. Ayatandaze kwa tabaka jembamba juu ya vichanja alivyovitengeneza chini ya bati, kivulini, ayageuze mara mbili kwa siku, hadi jani livunjike mkononi kama chapati iliyoungua. Kobia aliitikia kila neno. Alikuwa mchumaji hodari kuliko wote upande ule, vidole vyepesi kama vya kinyozi, na Wanjugu alikosea kudhani kwamba mikono hodari huja na masikio.

Sasa Kobia alitoka nyuma ya jiko, shavu limevimba miraa, povu la kijani limeganda kwenye pembe za midomo.

“Karibu, mama Kirimi. Njoo uone kazi ya mwanamume. Hakuna jani hata moja lililonyauka.”

Wanjugu aliliona gunia limesimamishwa kwenye ukuta wa jiko, chini yake dimbwi la maji meusi, na juu yake nzi wadogo wengi kama moshi. Vichanja vilikuwa vitupu. Aliweka begi chini, akafungua gunia.

Ndani mlikuwa na vibunda. Vibunda safi, vya kupendeza, vimefungwa kwa majani ya mgomba na kukazwa kwa kamba za mgomba, vyote saizi moja, kama vile vinavyopakiwa kwenye pikapu za Nairobi kabla ya mapambazuko. Alichukua kimoja. Kilikuwa cha moto, moto wa samadi mbichi. Alipofungua, kilichotoka hakikuwa majani tena. Kilikuwa uji mweusi wenye kuvutika kama mlenda, umeota ukungu mweupe wenye nywele, na katikati ya ukungu kitu kidogo kilijinyonganyonga. Ulimwagikia kiganja chake, ukashuka hadi kwenye kiwiko. Wanjugu aliukung'uta mkono. 

“Kobia, uliambiwa nini?”

“Niliambiwa mambo ya kukausha. Lakini nikafikiria.”

“Hapo ndipo ulipoharibu.”

Kobia alijieleza bila aibu. Aliyatandaza majani siku ya kwanza, akaja jioni akayakuta yamelegea, moyo ukamuuma. Tangu utotoni amejua kwamba jani likinyauka limekufa, na hakuna mtu Laare anayenunua maiti. Akaona shemeji yake, kwa elimu yote hiyo, amekosea kitu kidogo. Basi akayakusanya, akayanyunyizia maji, akayafunga kama inavyopasa. Harufu aliisikia, ndiyo, lakini alidhani dawa hunuka hivyo. Na ili kuonyesha kwamba hakuna ubaya, alichovya kidole kwenye ule uji, akakilamba. Wanjugu aligeuza uso.

Watu wa nyumbani walikusanyika. Mutwiri alikuja kutoka shambani, akachungulia ndani ya gunia, akarudi nyuma hatua mbili. Gatakaa alikuja na mkongojo wake, amevaa sweta la kanisani kwa sababu alikuwa na mkutano, na yeye ndiye aliyepata dawa ya tatizo. Yaoshwe, alisema. Yaanikwe juani, kwenye lami, yatakauka leo hii. Yasagwe. Mucatha ni mchungu, na uchungu hufunika kila kitu. Hata mtume akipewa hatajua.

Wanjugu alimtazama mumewe, akingoja aseme neno. Mutwiri alijikuna shingo. Alisema hapendi kurudisha miraa kwenye shamba lile, anajua jasho lililomwagika pale, na itakuwa vizuri gunia liuzwe. Kwa nini asimpigie kwanza Muthamia, mwenye mali yake, amweleze ukweli? Akikataa, amekataa.

Hilo lilikuwa la haki. Wanjugu alinawa mkono mara tatu kwa sabuni ya kufulia, akapiga simu, akaifungua sauti ili wote wasikie. Alimweleza Muthamia kila kitu, hadi vile vilivyokuwa vikijinyonganyonga. Ndani ya moyo wake alikuwa na hakika mtu huyo atatukana na kukata simu.

Muthamia alicheka.

“Kaushia hapo, ulete. Nitachanganya na ile kavu niliyonayo. Ikishasagwa, mama, ni unga tu. Wateja wangu hawana maabara tumboni.”

Kobia alicheka naye kwa faraja. Gatakaa alipiga mkongojo chini kama aliyeshinda kesi. Hata Mutwiri alishusha pumzi. Shamba lilikuwa limepatikana, pale pale, bila taabu, na wote waliona hivyo isipokuwa mmoja.

Wanjugu alikuwa amewahi kufika kwa Muthamia huko Maua. Aliwaona wateja wakingoja kwenye benchi: wanawake wenye watoto mgongoni, watoto wenye kuharisha, midomo imekauka. Mmoja alikuwa akimpepea mtoto kwa kitambaa cha kichwa. Ndio hao wasio na maabara tumboni. Kilichomchefua sasa hakikuwa gunia tena. Gunia lilikuwa limeoza kwa sababu ya ujinga, na ujinga una dawa. Lakini hawa waliokuwa wakitabasamu walikuwa wameona kwa macho na kunusa kwa pua.

 Wanjugu aliwasha jiko la makaa palepale uani, akateka maji, akachota ule uji kwa mkono na kuutosa kwenye sufuria. Ulipochemka ulitoa povu la kijivu, na harufu ikapanda juu ya nyumba hadi jirani akafunga dirisha. Akaenda kabatini, akaleta vikombe vya wageni, vile vyenye maua, akamimina vitatu. Vipande vyeusi vilielea juu.

“Mimi simuuzii mtu kitu ambacho kwangu hakinyweki,” alisema. “Kunyweni. Vikombe vikiisha, nitaanika gunia mwenyewe na kesho liko Maua.”

Kobia alisema yeye yuko kwenye miraa, na miraa haichanganywi. Wanjugu alimkumbusha kwamba alikuwa ameilamba dakika chache zilizopita akiwa kwenye miraa hiyo hiyo. Kobia alitazama viatu vyake. Mutwiri alikishika kikombe kwa vidole viwili, akakiweka mbali na tumbo kama mtu aliyepewa mtoto aliyejinyea.

Wanjugu aliona ameshinda. Hakuwa amemhesabu Gatakaa.

Mwanamke huyo alikuwa na miaka sabini na minne na tumbo ambalo hata maharagwe lilikuwa limeyakataa. Lakini Kobia alikuwa kitinda mimba wake, na yeye hakuwa mtu wa kuona mwanawe akiaibishwa uani na mke wa mtu. Alichukua kikombe cha tatu.

“Mtoto wangu hakuleta uchafu katika boma hili,” alisema, akakiinua.

Mutwiri aliita, “Mami,” kwa sauti ndogo, lakini hakusogea. Kobia hakusogea. Kikombe kilikuwa kimefika mdomoni, mvuke umemfunika kikongwe uso, na Wanjugu aliona wazi, kana kwamba ameandikiwa, kwamba sekunde mbili tu zinatosha. Akinywa, shamba ni lake. Hakuna atakayemlaumu. Kila mtu atasema alijitakia mwenyewe.

Akakipiga kikombe kwa kofi.

Kilipasuka kwenye jiwe la kufulia. Uji mweusi ulimrukia Gatakaa kwenye sweta, kipande kimoja kikabaki kimening'inia kifuani kama beji.  Katika boma lile hakuna mtu aliyewahi kuinua mkono karibu na mama huyo, hata marehemu mumewe.

“Umenipiga,” alisema Gatakaa.

“Nimepiga kikombe, Mama.”

“Ningekunywa.”

“Najua.”

“Shamba lingekuwa lako.”

“Hilo pia najua.”

 Gatakaa akanusa sweta lake, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi uso wake ukajikunja wote, mdomo, pua na macho, akatema mate kando, akatema tena. Akageuka akaenda nyumbani kwake bila kuaga. Kwenye mkutano wa kanisani hakwenda.

Mutwiri alimwaga kikombe chake, akachukua jembe, akachimba shimo nyuma ya choo. Kobia alibeba gunia. Lilipasukia mgongoni mwake katikati ya njia, uji ukamshuka hadi kwenye suruali, na mwanamume hodari wa Laare alipiga magoti akatapika miraa ya asubuhi yote. Hakuna aliyemhurumia, na hakuna aliyemcheka pia. Wanjugu alimpigia Muthamia, akamwambia hakuna mzigo, wa leo wala wa mwaka ujao, na kwamba akisikia ameuza uozo kwa akina mama wa Maua atakwenda kusimama mlangoni pake siku ya soko aseme kwa sauti. Muthamia alimwita mwanamke mwenye kichwa kigumu. Hapo hakukosea.

Jumamosi Mutwiri alifika shambani na miche ya miraa kwenye toroli. Neno lilikuwa neno, alilisema mbele ya watu. Hakumtazama mkewe usoni. Wanjugu angeweza kupiga kelele, lakini hakuona faida ya kelele. Alimwambia tu asubiri kwa muda wa saa mbili, akaingia katikati ya mistari yake na kisu kikali, akaanza kukata matawi, urefu wa penseli, chini ya kifundo cha jani, akiyafunga kwenye gunia lililolowa maji.

Alikuwa mstari wa nne alipomwona Gatakaa anakuja taratibu kwa mkongojo. Kikongwe alisimama, akatazama matawi, akatazama toroli ya mwanawe.

Alisema kwamba nyuma ya jiko lake kuna kipande cha ardhi alichoachiwa na mumewe, ambacho hakuna mtoto wake anayeweza kukiwekea masharti. Nduma alizokuwa nazo pale zimeliwa na panya. Si kipana, lakini kinapata jua la asubuhi.

“Leta hayo magugu yako,” alisema. “Lakini huyo Kobia asikanyage pale. Nikimwona na kamba ya mgomba nitamnyonga nayo.”

Wakapanda hadi saa nane, Wanjugu akitoboa mashimo, Gatakaa ameketi kwenye kigoda akimpa matawi moja moja, akilalamika juu ya mgongo, juu ya sweta lililokataa kutoka harufu, juu ya wanawake wa Embu na mikono yao. Katikati ya kazi alichuma jani moja bichi kutoka kwenye tawi, akalitafuna polepole, macho yakamtoka maji.

“Chungu kama wewe,” alisema.

Wanjugu alimwambia asipoteze majani, anyooshe mkono ampe tawi lingine.