Kati ya Jiwe na Boriti

Fundi alikuwa amelala chini ya pikapu yetu, miguu tu ikionekana. "Kuiinua inchi moja na nusu kunatosha," akasema.

"Tatu," nikasema.

"Moja na nusu, kijana."

"Fundi, nimekuletea gari, sijakuletea mtoto umpimie sare."

Akajivuta nje, akafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. Mtaani tulimwita Fundi Rula, kwa kuwa hata akienda kunywa chai rula yake ya chuma ilikuwa mfukoni. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Ukimchokoza mtu na asichokozeke, hasira inakurudia mwenyewe.

Pikapu ilikuwa ya mama, na ilinizidi umri kwa miaka mitatu. Mama aliuza saruji katika ghala la kupanga. Mimi nilipeleka mizigo kwa wateja. Njia ya mlimani ilikatwa na mgongo wa jiwe, na mara mbili jiwe hilo lilikuwa limepasua difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, mafuta yakamwagika hadi tone la mwisho. Mara ya pili mama alisema kwa sauti ya chini, ambayo kwetu ni mbaya kuliko kelele, "Ya tatu, namuuzia shemeji yako."

Shemeji, mume wa dada yangu, alikuwa ameshataja bei. Kila jioni alipita ghalani, akaipiga tairi teke kama mtu anayechagua tikiti maji, akaniuliza, "Shemeji, gari langu linaendeleaje?" Mimi bila usukani ule ningekuwa nani? Mpakuaji wa tatu, baada ya wale wawili wa ghalani.

Kwa hiyo pikapu ilikuwa lazima iinuliwe. Lakini juu ya mlango wa ghala palikuwa na boriti ya zege, na juu ya pikapu palikuwa na keria ya kubebea mabomba, iliyochomelewa tangu enzi za mwenye gari wa kwanza. Ukiinua kidogo mno, jiwe linakula difu. Ukizidisha, boriti inakula keria. Ndiyo maana nilikuwa nimepima. Nilipakia mifuko ishirini, nikaenda hadi kwenye jiwe, nikapima. Nikarudi mlangoni na mzigo ule ule, nikapima. Juu palibaki inchi tatu na upana wa kidole.

"Ulipima ikiwa na mzigo?" fundi akauliza.

"Gari la mizigo halipimwi tupu."

"Kwenye jiwe, sawa. Lakini mlangoni..."

"Fundi. Hesabu ni zangu, spana ni zako."

Akaitazama rula yake, akairudisha mfukoni. "Haya. Asiyesikia la mkuu unamjua mwisho wake."

Akaweka vipande vya chuma kati ya springi na ekseli, akakaza springi za mbele ili nako kuinuke, na kesho yake pikapu ilisimama kama jogoo juu ya ukuta. Kinyozi wa jirani alitoka na wembe mkononi. "Hilo sasa linapandwa kwa ngazi?" Nilimpigia honi. Moyo wangu ulikuwa umeinuka inchi zaidi ya tatu.

Nikaenda kuchukua mifuko ishirini, nikarudi, nikaingia ghalani uso mbele. Keria ilipita chini ya boriti kwa kidole kimoja, kama nilivyosema. Mama alisimama amekunja mikono, nami nikamweleza hesabu zangu tangu mwanzo, huku wapakuaji wawili wakishusha. Kila mfuko uliposhuka, nyuma ya gari ilipanda kidogo. Mimi sikuangalia. Nilikuwa naongea.

Niliporudi nyuma ili nitoke, keria iligonga zege, na vipande vikaninyeshea kwenye kioo.

"Bosi," mpakuaji mmoja akasema, "ilipoingia ilikuwa imechuchumaa. Sasa imesimama."

"Rudisheni mifuko."

"Mifuko ishirini tumeishusha sasa hivi. Utatutafutia mgongo mwingine?"

Nikatoa upepo tairi zote nne hadi zikakaa kama ndala zilizochakaa. Bado. Mama akampigia simu Fundi Rula. Alikuja, akapima, akasema neno moja tu: "Watu." Laiti angenicheka.

Wakapanda wapakuaji. Akapanda kinyozi pamoja na mteja wake, povu la sabuni bado liko shavuni. Akapanda fundi mwenyewe. Ikabaki kushuka upana wa kucha tu. Hapo ndipo shemeji alipofika kupiga teke lake la jioni, na watu wote wakageuka kulitazama tumbo lake.

"Shemeji," nikasema, "panda."

"Kwa nini mimi?"

"Wewe peke yako ni mifuko miwili," kinyozi akamjibu.

Walimvuta wawili, akapanda. Springi zikaguna. Akapaza sauti kutoka kule nyuma: "Mama, bei yangu iko pale pale."

"Mkwe wangu," mama akasema, "leo nataka uzito. Bei kaa nayo."

Nikarudi nyuma polepole. Tukapita. Mtaa mzima ulicheka, isipokuwa mimi na mama. Alikuja dirishani. "Kesho asubuhi mzigo wa zahanati unapanda mlimani. Sitaki kusikia jiwe wala boriti."

Nikamfuata fundi. Nilitafuta maneno ya kukiri kosa bila kulitaja.

"Ulisema ngapi?"

"Moja na nusu."

"Fanya."

Akatoa rula. "Jiwe lipime ukiwa na mzigo. Boriti ipime ukiwa tupu."

"Si ungesema."

"Nilianza."

Asubuhi mama alikaa kando yangu. Tulipofika kwenye jiwe alishuka, akachuchumaa kando ya njia. Nilipita mwendo wa kinyonga, masikio yangu yote yakiwa kwenye nyayo. Ulisikika mkwaruzo mwembamba, kama ukucha kwenye sufuria, kisha ukaisha. Mama aliinama akachungulia chini, akapapasa difu kwa kiganja, akakitazama kiganja. Kilikuwa kikavu. Akapanda. "Twende."

Jioni shemeji alimkuta mlangoni. "Mama, nilete pesa lini?"

"Njoo unywe chai," mama akasema.

Akaizunguka pikapu mara mbili, akiinamisha kichwa huku na huku. "Lakini shemeji, si mlisema mmeiinua? Mbona naiona vile vile?"

Kinyozi akacheka. Nilikuwa na majibu saba tayari, mawili yakiwa na vina kabisa. Mama alikuwa ananitazama. Nikaingia kwenye gari, nikalipitisha tupu chini ya boriti, nikazima injini, nikaenda kufunga mlango.